Bodi yako ya DSP imegoma: dalili, sababu na matengenezo kwa wanaobuni na ADAU1701

Bodi nyingi za DSP, yaani zenye chipu ya kuchakata sauti kidijitali, zinazotangazwa kuwa zimekufa hazijafa. Chipu imekosa volti moja kati ya zile inazozihitaji, au haipati mapigo ya saa, au imeshikiliwa kwenye riseti, nayo inakaa kimya. Mwenye bodi anaanza kuandika upya programu, kisha anabadilisha chipu, kisha anaagiza bodi nyingine kutoka kiwandani ikiwa na kosa lilelile kwenye mchoro. Fedha inaondoka hivyo, na mwezi unaondoka nayo.

Mwongozo huu unahusu ADAU1701 ya Analog Devices, kwa sababu ndiyo chipu ambayo watu wengi huanza nayo wanapojenga krosova ya spika (inayogawa sauti nzito na nyembamba) au ikwalaiza. Ina viingilio viwili vya analogi na vitoleo vinne ndani yake, miguu yake 48 inaonekana kwa macho na mtu anaweza kuilehemu kwa mkono, na SigmaStudio, programu ya kompyuta ya kuiandikia chipu hii, haiuzwi. Ukitumia chipu nyingine, namba zitabadilika lakini mpangilio wa uchunguzi ni uleule: umeme, saa, riseti, mawasiliano, na mwisho kabisa programu. Usiruke hatua hata kama una uhakika na hatua iliyotangulia.

Unahitaji multimita, lenzi ya kukuza, flaksi ya kutosha, na chanzo cha umeme chenye kikomo cha mkondo. Osiloskopu, kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme, ikipatikana, hata ya bei nafuu, kazi inakuwa nyepesi sana. Weka kikomo kwenye mA 200 kabla ya kuwasha kwa mara ya kwanza. Na hadi bodi itakapothibitika kuwa nzima, usiiunganishe na amplifaya wala na chanzo chochote kinachotoka moja kwa moja kwenye umeme wa ukutani.

Mkondo unapanda hadi kikomo, au chipu inachoma kidole

Zima kwanza. Usiache umeme ukipita huku unafikiria.

Sababu inayoongoza ni lehemu iliyounganisha miguu miwili. Katikati ya mguu mmoja na mwenzake ni milimita 0.5 tu, na daraja likijificha nyuma ya mguu, upande wa mwili wa chipu, hulioni ukitazama kutoka juu. Inamisha bodi kwenye mwanga, paka flaksi, pitisha ncha safi, na lehemu iliyozidi ifyonze kwa utepe wa shaba. Kisha bodi ikiwa imezimwa, pima ukinzani kati ya volti 3.3 na ardhi. Namba ikianzia chini na kupanda polepole, hizo ni kapasita zinajaa, na ni dalili njema. Ikiganda kwenye omu moja au mbili, shoti bado ipo.

Baada ya hapo hakiki mwelekeo wa chipu. Doa la pini ya kwanza kwenye chipu lilingane na alama ya kwenye mchoro, si na upande ambao maandishi yanasomeka vizuri.

Sababu ya tatu ndiyo inayoua chipu nyingi kuliko zote. Kiini cha ADAU1701 hutumia volti 1.8, na chipu huitengeneza yenyewe kutoka volti 3.3 kwa kuendesha transista ya PNP iliyo nje, kupitia pini iitwayo VDRIVE. Emita inakwenda kwenye volti 3.3, kolekta inakwenda kwenye DVDD (pini ya umeme wa kiini), beisi inakwenda VDRIVE. Transista hizi huja mara nyingi katika umbo la SOT-223, na kile kibati kipana cha juu ni kolekta. Hapo watu huanguka kwa namna mbili. Wapo wanaokimwagia kibati shaba ya ardhi ili kipoe, na papo hapo DVDD imepigwa shoti. Wengine huchukua mchoro wa pedi wa transista nyingine iliyopangwa tofauti, beisi na kolekta zinabadilishana nafasi, na kiini kinaweza kupigwa na volti inayozidi 1.8 kwa mbali. Ukipima DVDD ukakuta 1.8, endelea. Ukikuta 0, tafuta shoti au beisi isiyoshika. Ukikuta inazidi 1.8 kwa mbali, rekebisha transista kisha ujiandae kubadilisha chipu, kwa sababu hata ikiamka haiaminiki tena.

Hili unaweza kulikamata kabla chipu haijawekwa. Lehemu transista peke yake, weka multimita kwenye kipimo cha dayodi, waya mweusi kwenye pedi ya VDRIVE. Gusa pedi ya DVDD kwa waya mwekundu, kisha laini ya volti 3.3. Zote mbili zionyeshe kama 0.6 au 0.7. Kazi ya dakika moja inayookoa chipu nzima.

Kapasita za tantalamu zilizowekwa kinyume nazo huvuta mkondo, na zinaweza kulipuka kwa moto. Mstari uliochorwa juu yake unaonyesha upande chanya, tofauti na zile za mviringo ambazo mstari wake ni upande hasi. Vaa miwani ya kinga unapowasha bodi yenye tantalamu kwa mara ya kwanza.

Ukishaondoa kila kitu na pedi tupu bado zinaonyesha shoti kati ya volti na ardhi, kosa limo ndani ya tabaka za bodi. Chukua bodi nyingine ambayo haijalehemiwa upime palepale. Zikiwa zote na shoti, kosa ni la mchoro wako. Ikiwa ni moja tu, ni la kiwanda. Hakuna fundi wa kulehemu anayeweza kutibu hilo, kwa hiyo acha kuipasha moto.

Volti ziko sawa, lakini kompyuta haiioni chipu

Sasa una 3.3 kwenye pini za umeme IOVDD, AVDD (ya analogi) na PVDD (ya saa), na 1.8 kwenye DVDD. SigmaStudio inakataa kuandika, au kidhibiti chako hakipati jibu kwenye I2C, yaani mawasiliano ya nyaya mbili, SDA na SCL.

Anza na anwani, maana ni bure kuikagua. Pini ADDR0 na ADDR1 zikiwa kwenye ardhi, anwani ya biti 7 ni 0x34. SigmaStudio hukuonyesha 0x68, ambayo ni ileile ikiwa na biti ya kusoma au kuandika mwishoni. Anayeandika 0x68 kwenye maktaba ya Arduino anaita nyumba isiyo na mtu. Na kama pini hizo umeziacha zikielea, anwani inaweza kubadilika kila unapowasha.

Kisha riseti. Pini hii hushikilia chipu ikiwa chini. Ipime: inapaswa kuwa karibu volti 3.3. Adapta za kuandikia programu nyingi huwa na waya wa riseti, na adapta isiyo na umeme inaweza kuivuta chini. Chomoa adapta, pima tena.

Halafu rezista za kuvuta juu kwenye SDA na SCL. Kilo-omu 2 hadi 4.7 kwenda volti 3.3 zinatosha. Ukiwa na osiloskopu, tazama kingo za mawimbi: zikipanda kwa mlalo kama pezi la papa, rezista ni kubwa mno au waya ni mrefu mno. Zikiwa hazishuki hadi chini, kuna vitu viwili vinapigania laini. SDA na SCL zilizobadilishana nafasi ni kosa la kila siku. Kama kuna rezista ndogo za mfululizo kwenye laini hizo, unaweza kuzilehemu zikipishana, moja juu ya nyingine bila kugusana, bila kukata shaba.

Hapo ndipo tunafika kwenye saa, na hapa pana mengi. Chipu isipopata mapigo haijibu kitu. Kwa sampuli za kHz 48, kawaida ni kristali ya MHz 12.288, yaani mara 256 ya kasi ya sampuli, na pini mbili za PLL_MODE lazima ziiambie chipu kuwa imepewa mara 256. Zikikosewa, kizidishi cha saa (PLL) hakitashika, au kitashika kwenye kasi isiyo yake na kila sauti itahama. Kizidishi hicho kina kichujio chake cha nje: rezista ya omu 475 iliyofuatana na kapasita ya nF 56, na pembeni yake kapasita ya nF 3.3. Kichujio hiki kinarudi kwenye PVDD. Hakirudi ardhini! Wabunifu waliozoea vichujio vya kwenda ardhini hukosea hapa bila kujua, na kwenye mchoro kosa linaonekana la kawaida kabisa.

Kristali yenyewe inataka kapasita mbili zinazolingana na mzigo uliotajwa na mtengenezaji wake. Toa uwezo wa njia za shaba na miguu, kama pF 3 hadi 5, kisha zidisha mara mbili. Kristali ya mzigo wa pF 18 itapata kapasita za pF 27 hivi. Ya pF 12 itapata za karibu pF 15. Iweke kristali milimita chache tu kutoka kwenye chipu, na usipitishe chini yake njia yoyote ya data. Unapoipima, tumia probu iliyowekwa kwenye ×10 na uguse upande wa OSCO. Probu ya ×1 huongeza mzigo mkubwa na inaweza kuizima kristali nzima, ukaondoka ukiamini imekufa.

Sababu adimu kuliko zote, lakini inasumbua kweli: chipu huamka katika hali ya I2C, na pini ya CLATCH ikivutwa chini mara tatu huhamia SPI, aina nyingine ya mawasiliano. Pini hiyo ikiwa inaelea karibu na njia yenye kelele, chipu inaweza kuhama bila wewe kuiomba. Ifunge kwa rezista kwenda juu.

Inajibu vizuri, lakini spika ziko kimya

Gawa tatizo vipande viwili. Ndani ya SigmaStudio chora chanzo cha wimbi la Hz 1,000 na ukiunganishe moja kwa moja na kitoleo, bila kupitia kiingilio. Ukisikia mlio, upande wa kutoka ni mzima na kosa liko kwenye kuingia. Usiposikia, pima volti ya moja kwa moja kwenye pini za vitoleo vya analogi: zinapaswa kukaa karibu volti 1.5, sawa na pini ya CM, inayotoa volti ya katikati ya upande wa analogi. Zikiwa 0, DAC (vigeuzi vya dijitali kwenda analogi) hazijawashwa kwenye rejista, au AVDD haifiki kwenye pini zote. Chipu ina pini zaidi ya moja za AVDD na ardhi ya analogi. Kuacha hata moja bila kuunganishwa kunatosha kuharibu kila kitu.

Ikiwa kosa liko kwenye kuingia, kumbuka kuwa viingilio vya ADAU1701 hupokea mkondo, si volti. Kipimo kamili ni mikro-ampea 100. Ndiyo maana rezista ya mfululizo ni ya lazima: ya kilo-omu 18, ikiongezwa na kilo-omu 2 zilizomo ndani, inakupa kiingilio cha volti 2, ya kilo-omu 7 inakupa volti 0.9. Tena pini ya ADC_RES inataka rezista yake ya kilo-omu 18 kwenda ardhini. Ikikosekana hiyo, usitarajie kipimo chochote cha kueleweka. Kapasita ya kuzuia volti 1.5 isitoke nje ni ya lazima pia, mwanzo na mwisho.

Sauti inapasuka

Mara nyingi ni ile rezista: mtu ameweka kilo-omu 7 kisha akaleta ishara ya volti 2 kutoka kwenye mikisa. Punguza sauti ya chanzo kwa nusu usikilize. Mpasuko ukiondoka, badilisha rezista. Usipoondoka, angalia ndani ya programu. Namba za chipu hii zina nafasi ya dB 24 juu ya kiwango kamili, kwa hiyo ikwalaiza zinaweza kuinua sauti bila kupasuka njiani, lakini kitoleo hakina nafasi hiyo. Ukiinua besi kwa dB 12, shusha sauti ya jumla kwa dB 12 kabla ya kutoka. DAC haiwezi kuzidi volti 0.9, kama amplifaya yako inataka zaidi, ongeza opampu (chipu ya kukuza ishara) baada yake, usiilazimishe DSP.

Mvumo, mlio mwembamba na mchakacho

Hapa bodi ya mbunifu makini hutofautiana na ile ya mwenye haraka, kwa sababu kelele haitibiwi na programu.

Tambua kwanza aina yake. Mvumo mzito wa Hz 50 au 100 unatokana na umeme wa ukutani. Ikiwa bodi imeungwa na laptopu, chomoa chaja ya laptopu. Mvumo ukikatika, bodi haina kosa: kuna mzunguko wa ardhi kati ya chaja, adapta ya USB na amplifaya. Tumia kitenganishi cha USB, au pakia programu kwenye EEPROM (chipu ya kumbukumbu isiyosahau umeme ukizimwa) uondoe kompyuta kabisa. Usikate waya wa ethi wala usivunje pini ya tatu ya plagi ili kuondoa mvumo. Waya huo upo ili usife siku kifuniko cha chuma kitakapogusa umeme. Ukishuku kwamba nyumba yenyewe haina ethi, hilo si jambo la mtu wa bodi. Tafuta fundi umeme mwenye leseni, ya EWURA kwa aliyepo Tanzania au ya EPRA kwa aliyepo Kenya, apime.

Mlio mwembamba unaobadilika ukigusa vitufe au ukipakia programu unatokana na kigeuzi cha volti kinachokata umeme kwa kasi. Jaribio la haraka: ondoa kigeuzi, lisha bodi kwa betri kupitia kidhibiti cha kawaida cha volti 3.3. Ukinyamaza, umempata mhusika. Dawa ni kuacha kigeuzi kishushe hadi volti 5, kisha kidhibiti cha kawaida kimalizie hadi 3.3, na AVDD ipitie kishanga cha feraiti na kapasita yake yenyewe.

Mchakacho unaofuata kazi ya chipu, unaosikika hata ishara ikiwa sifuri, unatokana na mpangilio wa bodi. Kila mkondo unaotoka hurudi, na kwenye masafa ya juu hurudi chini ya njia uliyouchorea. Ukikata tabaka la ardhi kwa mfereji kati ya dijitali na analogi, kisha ukapitisha njia ya saa juu ya mfereji huo, mkondo wa kurudi unazunguka mbali, na mzunguko huo unatangaza kelele kwa kila jirani. Mimi natetea ardhi moja nzima isiyokatwa, vifaa vya analogi upande mmoja, vya dijitali upande mwingine, na njia zisivuke mpaka. Kwa bodi ya tabaka mbili, uache upande wa chini uwe ardhi tupu; ukishindwa, lipia tabaka nne. Kapasita ya nF 100 ikae kando ya kila pini ya umeme, na kitundu chake cha kushuka ardhini kiwe papo hapo, si baada ya sentimita mbili za njia nyembamba.

Na kapasita ya CM usiipuuze. Ikiwa ndogo au haipo, chaneli moja husikika ndani ya nyingine. Weka µF 47 na nF 100 kando yake.

Inafanya kazi na kompyuta, ikiwa peke yake haiamki

Pini ya SELFBOOT iwe juu wakati riseti inapopanda; ikiwa chini, chipu haiendi kusoma EEPROM. Hakikisha umeandika programu ya mwisho kwenye EEPROM yenyewe, kwa sababu kubofya kitufe cha kupakia huandika kwenye chipu tu, nayo husahau umeme ukizimwa. Pini za anwani za EEPROM ziwe ardhini, ijibu kwenye 0xA0 kwa hesabu ya biti 8.

Ikiamka mara moja na kugoma mara mbili, tatizo ni riseti inayoachiwa kabla volti 3.3 haijatulia. Rezista na kapasita hutibu mara nyingi, lakini umeme ukikatika na kurudi haraka kapasita haijaisha chaji na riseti haitokei kamwe. Tumia chipu ndogo ya kusimamia riseti. Hapohapo ndipo kishindo cha kuwasha hutibiwa: kizidishi cha saa huhitaji mizunguko 262,144, yaani kama milisekunde 21 kwa kristali ya MHz 12.288, kisha usomaji wa EEPROM unafuata. Amplifaya ibaki imenyamazishwa hadi hayo yote yaishe.

Inafanya kazi ikiwa baridi, ikipata moto inazima

Gusa kila upande wa chipu kwa kijiti cha mbao huku muziki ukilia. Ikikwama unapobonyeza, kuna mguu ambao haujashika. Paka flaksi upitishe moto upya. Ikiwa mbao haibadilishi kitu, tilia shaka kapasita za keramiki. Za bei ya chini kabisa, zenye msimbo Y5V, hupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake kwa joto na kwa volti, dai X7R. Na chipu iliyonunuliwa bila kujulikana chanzo, uso wake ukiwa umekwaruzwa na maandishi kuchorwa upya, inaweza kuwa ya zamani iliyong'olewa kwenye bodi nyingine. Sugua maandishi kwa pamba yenye asetoni: ya kiwandani hayatoki.

Mahali pa kuacha

Acha, na umwite aliyesomea, ikiwa kosa limo upande wa umeme wa ukutani, ikiwa kwenye kapasita kubwa za amplifaya kuna volti zaidi ya 50 hata baada ya kuzima, au ikiwa kitoleo cha amplifaya kina volti ya moja kwa moja inayoweza kuunguza spika. Acha pia kulehemu pale pedi zinapoanza kubanduka. Pedi ya kwanza unaweza kuiokoa kwa waya mwembamba. Ya tatu inakuambia bodi hii imetumikia vya kutosha.

Kwa toleo linalofuata, ongeza vituo vya kupimia vya 3.3, 1.8, CM, riseti, SDA na SCL, vyote upande wa juu, kila kimoja kikiwa na jina lake limechapwa kwa herufi zinazosomeka. Weka rezista za omu 0 kwenye SDA, SCL na kwenye njia ya volti 3.3, ili uweze kutenga kila sehemu bila kukata shaba.